Kovu Ukingoni mwa Nishani

Riungu, mchonga makombe wa mjini Meru, aliitazama nishani iliyokuwa kwenye kiganja cha Inspekta Ednah Kinya, akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kwani ni hii tu, madam? Tangu asubuhi majirani wananiambia CID wananitafuta. Nimeshaaga bibi yangu. Hii si kazi yangu."

"Nambari yako imejaa kwenye simu ya Oscar Munene," Ednah alisema. "Alikupigia mara nyingi kabla hajakamatwa. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Kombe." Riungu aliinama chini ya kaunta, akaibuka na kombe la rangi ya dhahabu lenye masikio mawili. "Ni ya mpira, ya vijana wa Kianjai. Leo anataka iandikwe hivi, kesho anataka ibadilishwe. Huyo Oscar ni mtu wa kusumbua, lakini sijawahi kusikia ati ni mwizi. Mwambie kombe yake iko tayari."

Ednah alilipokea, akaligeuza. Herufi zake zilikuwa zimekatwa kwa mashine, kali hata zikamkwaruza kidole. Herufi za ile nishani zilikuwa butu kama za kipande cha sabuni kilichotumika. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimrudishia mwenyewe kombe lake, akatoka nje kwenye makelele ya tuktuk na boda boda, akasimama kando ya gari lake bila kuingia. Hii ndiyo njia aliyokuwa ameitegemea juma zima, nayo ilikuwa imegonga ukuta.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi mwanzoni. Marehemu Mithika wa Kianjai alipigana Burma katika jeshi la mfalme wa Uingereza, akarudi na nishani ya fedha, ile waliyopewa askari wa kawaida walioonyesha ushujaa mbele ya adui. Alipofariki ilibaki kwa binti yake, Regina Kanana, ambaye sasa ni bibi wa miaka karibu themanini. Regina aliifungia katika kisanduku cha bati chini ya kitanda. Kisha kamati moja ya kuandaa ukumbi wa kumbukumbu za wapiganaji mjini Embu ikaiomba. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Runji, mstaafu wa serikali aliyejulikana kwa kukusanya nishani, aliikagua mwezi Januari kabla ya wataalamu wa Nairobi kuletwa, akaandika ripoti: hii si nishani halisi, ni nakala, na kwa maoni yake ilitengenezwa majuma machache tu yaliyopita.

Ufunguo wa kisanduku ulikuwa kwa watu wawili tu, Regina na mjukuu wake Oscar, aliyerudi kutoka Qatar mwezi Novemba. Oscar mwenyewe alikiri kwamba alikifungua ili apigwe picha akiwa ameivaa. Regina hakungoja kusikia la pili. Alikwenda mwenyewe kituoni kumshtaki. Sasa kijana alikuwa rumande hadi Ijumaa, na Jumamosi ukoo ungekutana kuliondoa jina lake katika mgao wa shamba.

Simu ililia. Ilikuwa ya mwendesha mashtaka.

"Inspekta, huyo mchonga makombe?"

"Hakuna kitu, bwana."

"Basi Ijumaa tunaendelea na tulicho nacho. Tuna ripoti, tuna ufunguo, tuna mshtakiwa aliyekiri kufungua kisanduku. Wewe unatafuta nini tena?"

"Natafuta nishani. Kama Oscar aliiiba, iko wapi? Hajauza, hajatuma, hajampa mtu. Nimepekua kila mahali."

"Hiyo atatuambia akishafungwa."

Simu ikakatika. Ednah aliingia garini, akaupiga mlango kwa nguvu, halafu akaufungua tena kwa sababu ulikuwa umebana mkanda.

*

Alibaki mtu mmoja tu wa kumsaidia. Dakta Kagure alikuwa amehifadhi vyombo vya kale vya chuma na fedha katika jumba la makumbusho mpaka alipostaafu, na sasa goti lililopasuliwa lilikuwa limemfunga nyumbani kwake nje ya Embu, upande wa Kibugu. Alikuwa amekataa katakata kupanda gari mpaka Meru. Kwa hiyo Ednah ndiye aliyeteremka. Mvua ilimpokea Nkubu ikamsindikiza hadi Runyenjes, na huko Chuka lori la mchanga lilikuwa limelala kiubavu, watu wote wamesimama kulitazama na hakuna wa kuliondoa. Alifika mchana umekwisha kuwa mzito.

Kagure alikuwa ametandika taulo jeupe mezani. Juu yake kulikuwa na lenzi, kipimo cha chuma chenye taya mbili, na tochi ndogo ya mwanga wa zambarau.

"Funga pazia," alisema kabla hata ya kumaliza salamu.

Alimulika utepe uliobeba nishani. Nyuzi zake ziliwaka rangi ya samawati nyeupe, kama shati jipya lililofuliwa kwa sabuni ya unga.

"Hiyo!" Ednah alisema. "Nyuzi za zamani haziwaki. Ulinieleza kwenye simu."

"Nilikueleza. Na utepe huu ni mpya kweli. Lakini utepe ni nguo, Inspekta. Nguo huchakaa, watu hubadilisha. Nimewahi kuletewa nishani halisi imefungwa kwa kamba ya kiatu. Usimpeleke mtu jela kwa ajili ya utepe."

Ednah alilifungua pazia kwa mkono mzito, na pete moja ya pazia ikachomoka ikabingirika chini ya kabati. Kagure aliishika nishani kwa taya za kile kipimo, akasoma, akaigeuza, akasoma tena.

"Imepungua," alisema. "Kidogo sana, jicho lako haliwezi kuona, ila chuma hiki kinaona. Nishani halisi zilipigwa chapa kwa mashine nzito, zote zikatoka upana mmoja. Hii imemiminwa kwenye kalibu. Madini yakipoa husinyaa, basi nakala daima huwa ndogo kuliko mama yake." Akampa lenzi. "Mtazame huyu mfalme aliyechorwa hapa, shavuni. Unaona vitundu kama vya ndui? Ni hewa iliyokwama. Na hiki kining'inio cha juu, ambacho utepe unapita, kingepaswa kuzunguka. Jaribu."

Ednah alijaribu. Hakikusogea.

"Kwa hiyo Runji alisema kweli. Ni feki."

"Hapo hakukosea."

"Basi nimeendesha gari kutoka Meru kuja kuambiwa jambo ninalolijua."

"Umeambiwa nusu yake. Kaa chini." Kagure aliusogeza mwanga. "Nakala hii ilitolewa kwa nishani ya mzee wenu yenyewe, maana namba yake ya jeshi na jina lake vimo ukingoni. Kalibu hainakili herufi tu. Hunakili na majeraha. Ona hapa, kando ya namba."

Ukingoni palikuwa na bonyeo, mahali nishani ilipogonga kitu kigumu. Ednah alikuwa ameliona mara nyingi na kulipuuza.

"Ndani ya kovu hili mna vitundu vilevile vya shavuni, na midomo yake ni butu. Kama nakala ndiyo iliyogongwa, midomo ingekuwa mikali na vitundu vingepondeka. Kovu hili lilikuwa kwenye nishani halisi. Kalibu ilipotengenezwa, ikalichukua pamoja na mengine yote."

"Na hii mikwaruzo ya nyuma?"

Kagure aliweka jicho kwenye lenzi. Alipoliondoa, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hii ni habari nyingine. Mikwaruzo inapita juu ya vitundu, inavikata. Na mahali ilipopita, fedha ya juu imetoka, naona shaba chini. Haikutoka kwenye kalibu. Mtu ameisugua nakala yenyewe, kwa kitu kikali."

Ednah alichukua kalamu, akaiweka mezani bila kuandika.

"Yaani kovu limetangulia, halafu kalibu ikatengenezwa, halafu mikwaruzo ikafuata."

"Sawasawa."

"Kwa hiyo nikijua nishani iligongwa lini, na ilisuguliwa lini, nitajua ilibadilishwa kati ya siku gani na siku gani."

"Hilo lenzi yangu haiwezi kukwambia. Muulize mwenye nyumba."

Ednah alitoka barazani akampigia Regina. Simu ililia mpaka ikachoka. Alipojaribu tena, sauti ya bibi ilikuja kutoka mbali, kavu.

"Mimi siongei maneno ya polisi na simu," ilisema, na ikapotea.

Kianjai ilikuwa ng'ambo ya Meru, na barabara yote aliyokuja nayo ilikuwa inamngoja arudi nayo.

*

Alimkuta Regina asubuhi ya Alhamisi, ameketi mlangoni akipepeta maharagwe kwenye ungo.

"Muga, juju," Ednah alimsalimu kwa Kimeru, kama mjukuu kwa nyanya yake.

"Muga, mwari wakwa. Umekuja kuniambia huyo kijana amesema pahali aliuza?"

"Hajasema. Nimekuja kukuuliza juu ya hili." Ednah alimwonyesha kovu la ukingoni. "Lilitoka wapi?"

"Hiyo ni risasi," Regina alijibu bila kutazama. "Risasi ya Mjapani. Ingeingia kwa kifua ya baba, ikagonga hapo. Watu wote wa hapa wanajua."

"Juju, nishani alipewa baada ya mapigano. Risasi ingeipata vipi?"

Maharagwe yaliruka juu, yakarudi. Makapi yalipeperuka yakamkalia Ednah kwenye koti. Aliuliza tena kwa njia nyingine, kisha kwa nyingine, na kila mara risasi ilikuwa ya Mjapani. Alikuwa karibu kuinua sauti mbele ya mtu wa umri wa nyanya yake, jambo ambalo angejutia, alipoinua macho badala yake. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona kalenda ukutani, zile ambazo familia huchapisha kwa ukumbusho wa marehemu. Juu yake palikuwa na picha kubwa ya nishani.

"Niruhusu nishushe ile kalenda."

"Shusha, lakini usirarue."

Aliileta mwangani. Picha ilikuwa safi hata namba ukingoni ilisomeka. Na kando ya namba, ukingo ulikuwa mviringo mzima, bila kovu.

"Ilichapishwa lini, juju?"

"Mwaka juzi. Ile ibada ya baba."

"Basi mwaka juzi risasi ilikuwa bado haijapiga."

Regina aliuweka ungo chini. Alifuta macho kwa upindo wa leso, akaisogelea picha, akaitazama sana. Pembe moja ya mdomo wake ikatetemeka, isijulikane kama ni hasira au kicheko.

"Ni siku ya harusi," alisema hatimaye. "Harusi ya dada ya Oscar, mwezi wa nane. Niliweka kwa meza wageni waone. Kitambaa ikavutwa, ikaanguka kwa simiti. Watu wakaanza kusema ni mkosi kwa bibi harusi. Mimi nikasema, hii si mkosi, hii alama ni ya risasi, ilikuwako. Wakanyamaza. Nimesema hivyo mpaka mimi mwenyewe nikaamini."

"Oscar alikuwepo?"

"Alikuwa Qatar. Alionea kwa simu."

Ednah aliigeuza nishani upande wa nyuma. "Na nani aliisugua?"

"Ni mimi. Mashujaa Day, nikienda nayo kwa kiwanja. Nilitaka iwake. Nikachukua waya ya sufuria na jivu. Lakini ilianza kutoa rangi ya njano, nikaogopa, nikaacha. Sijasugua tena."

"Mashujaa ni Oktoba. Oscar alirudi Novemba."

"Ndiyo."

"Kati ya harusi na Mashujaa, nishani ilitoka hapa nyumbani?"

"Haikutoka. Ilienda tu kwa Bwana Runji kuoshwa."

"Lini?" Ednah aliuliza.

"Mwezi wa tisa. Alikuja na gari, mtu mzuri sana, akaniletea sukari na majani. Akasema anataka kuipiga picha ya ukumbi, na kuiosha vizuri. Ilikaa kwake wiki mbili hivi. Akairudisha na utepe mpya."

"Juju, mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza nani ako na ufunguo. Runji hana ufunguo."

Lilikuwa jibu sahihi kwa swali alilokuwa ameuliza. Ednah alikaa kwenye kizingiti, akakunja mikono. Alikuwa amechukua taarifa ya Runji mwenyewe, kurasa nne, na hakuna mahali mzee huyo alipotaja Septemba. Naye hakuuliza. Majuma yote hayo alikuwa akizunguka kisanduku cha bati, kumbe kitu kilikuwa kimebadilishwa nje ya kisanduku.

Regina alikuwa bado anaitazama kalenda. Taratibu, kama mtu anayepanga maneno ya lugha ngeni, alisema, "Ile nilisugua Mashujaa, ikatoa njano..."

"Ilikuwa nakala tayari."

"Na Oscar alikuwa bado kwa Waarabu."

"Ndiyo, juju."

"Kwa nini hakunikatalia?"

"Alikukatalia," Ednah alisema. "Nilikuwepo nikiandika."

*

Mahakama ya Embu ilimpa hati ya upekuzi baada ya kumzungusha kwa karani mmoja hadi mwingine. Alipofika mtaa wa Dallas na askari wawili wa huko, jua lilikuwa limeinama upande wa mashamba ya kahawa. Runji alifungua geti mwenyewe. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sweta la kijivu lililofungwa vifungo vyote, na aliisoma hati kwa makini kama aliyekuwa ameandika nyingi za namna ile enzi zake.

"Karibuni," alisema. "Sina cha kuficha. Mtakunywa chai?"

Sebule yake ilikuwa na makabati matatu ya vioo, na ndani mlikuwa na nishani zimelazwa kwenye mahameli, kila moja na kijibandiko chake. Katikati ya ukuta, juu ya makabati, palining'inia fremu kubwa yenye picha ya askari kijana na safu ya nishani chini yake.

"Marehemu baba," Runji alisema alipoona Ednah akiitazama. "Picha hiyo ilipigwa baada ya vita, siku aliyofika nyumbani, akiwa amevaa kila kitu alichopewa. Itakuwa ya kwanza kutundikwa ukumbini."

Upekuzi ulianza. Ednah alivaa glavu, akatoa nishani moja baada ya nyingine, akasoma kingo kwa lenzi aliyoazimwa na Kagure. Kulikuwa na majina ya watu wa kila mahali, na nyingine hazina jina kabisa. La Mithika halikuwamo. Askari walifungua stoo, wakapekua chini ya vitanda, wakainua hata mfuko wa chakula cha kuku. Hakukuwa na kalibu, wala plasta, wala tone la madini.

Chai ililetwa. Runji alikunywa yake akiwa ameketi wima.

"Ulikuwa na nishani ya Mithika mwezi Septemba," Ednah alisema. "Hukuitaja katika taarifa yako."

"Hukuuliza."

"Nauliza sasa."

"Niliiosha, nikaipiga picha, nikairudisha."

"Ilikwenda kwako halisi, ikarudi feki. Mikwaruzo iliyo kwenye nakala ilifanywa Mashujaa Day, Oscar akiwa bado Qatar."

"Nani anasema ni Mashujaa? Bibi wa miaka themanini?" Runji aliweka kikombe kwenye sahani bila kutoa sauti. "Inspekta, mimi nimekaa miaka mingi na mawakili. Watamwuliza mama huyo tarehe tano tu, naye ataanguka kwenye ya pili. Na kama ningeibadilisha mimi, ningeandika mwenyewe kwamba ni feki? Si ningenyamaza?"

"Wataalamu wa Nairobi walikuwa njiani. Wangesema wao, na swali la kwanza lingekuwa imepitia mikono ya nani. Ukatangulia wewe, ukaandika majuma machache, yakamwangukia Oscar."

"Maneno mazuri. Nishani iko wapi?"

Askari mmoja alisimama mlangoni, akatikisa kichwa: wamemaliza. Ednah alijua kitakachofuata. Kesho asubuhi mwendesha mashtaka angemwuliza swali hilohilo, na Oscar angerudishwa rumande kusubiri tarehe nyingine. Alivua glavu moja. Akasimama mbele ya fremu kwa sababu hakutaka kumwonyesha Runji uso wake.

Askari kijana pichani alikuwa ametabasamu kidogo. Juu ya mfuko wa kushoto wa shati lake palikuwa na vipande vya utepe, vile vidogo ambavyo wanajeshi hushona badala ya kuvaa nishani nzima. Vilikuwa vitatu. Ednah alishusha macho chini ya picha, kwenye safu ya nishani zilizobanwa kwenye kitambaa. Zilikuwa nne. Tatu zilikuwa za shaba na za kijivu, za kawaida walizopewa wote walioshiriki. Ya nne, iliyowekwa mbele ya zote, ilikuwa ya fedha, na juu yake uso wa mfalme.

Alivaa tena glavu.

"Umesema siku hiyo alivaa kila alichopewa."

Runji alishika tena kikombe chake.

"Hapa amevaa tatu."

"Ya nne ilikuja baadaye. Zilikuwa zikichelewa, kila mtu anajua."

"Inawezekana. Tushushe fremu."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza alisimama haraka, meza ikatikisika. "Hiyo ni ya baba yangu. Hati yako inasema nishani ya Mithika."

"Kama ni ya baba yako, ukingo utasema hivyo, nami nitakuomba radhi mbele ya askari hawa."

Waliishusha, wakailaza mezani kati ya vikombe. Misumari midogo ya nyuma ilikuwa mipya, inang'aa. Ednah aliing'oa kwa ncha ya kisu, akainua ubao, akachomoa pini zilizoishikilia nishani ya fedha. Ilikuwa nzito kuliko ile aliyoizoea. Alipoigusa, kining'inio chake kilizunguka kwa wepesi. Kando ya namba palikuwa na bonyeo lenye midomo mikali, na baada ya namba likafuata jina, herufi kwa herufi. Alilisoma kwa sauti ili askari walisikie.

Runji alikuwa ameketi tena. Alikifungua kifungo cha juu cha sweta, kisha akakifunga.

"Baba alikuwa mpishi," alisema. "Alibeba masufuria mpaka Burma na kurudi. Malaria ilimla mpaka akafa, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari. Nilipokuwa mdogo niliwaambia wenzangu alipewa nishani ya mfalme. Nimesema hivyo maisha yangu yote. Sasa ukumbi unajengwa, watu wote watakuja..."

"Nani alikutengenezea nakala?"

"Mtu wa Nairobi. Nitakupa jina."

"Na Oscar? Ulijua atafungwa."

Alifikiri, au alijifanya kufikiri. "Nilidhani ni mambo ya familia," alisema. "Nilidhani wangemalizana nyumbani."

Ednah aliitia nishani kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga, akatia sahihi. Kisha akamwambia asimame.

*

Ijumaa shtaka liliondolewa kwa dakika chache. Oscar Munene alitoka mahakamani Meru na mfuko wa plastiki wenye nguo zake, amekonda, ndevu zimemshika shingo. Ednah alimfungulia mlango wa mbele. Regina alikuwa kiti cha nyuma, amevaa gauni lake la kanisani. Oscar alimwona, akaingia, akatazama mbele.

Ednah aliwasha gari, wakaondoka.

"Imepatikana," alisema.

"Iko wapi?"

"Ni kielelezo. Itakaa kortini mpaka kesi ya Runji iishe. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa zaidi."

"Kwa hivyo naweza kufa sijaiona," Regina alisema kutoka nyuma.

Walifika Makutano. Oscar akagusa dashibodi.

"Niache hapa, madam."

"Kesho ukoo unakutana. Ukienda mwenyewe, ukawaeleza..."

"Wakutane tu." Akateremka, akafunga mlango polepole, akashika njia kando ya barabara.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kabla Ednah hajazunguka kumsaidia, Regina alikuwa amekwisha kukanyaga chini, viatu vyake vyeusi vikazama katika tope la mvua ya jana. Hakuita. Alimfuata tu mjukuu wake, fimbo mkononi, boda boda zikimkwepa na kumpigia honi, upindo wa gauni la kanisani ukiburura majini. Oscar alikwenda mbali kidogo. Honi zilipozidi aligeuka, akaona, akasimama.

Bibi alimfikia akihema.

"Kama huendi Kianjai," Ednah alimsikia akisema, "na mimi siendi."

Oscar alitikisa kichwa. Alisema jambo ambalo upepo wa lori ulilichukua, na Regina akajibu, na yeye akatikisa kichwa tena. Mwisho aliangalia viatu vya bibi yake kwa muda. Akainua mkono, tuktuk ikasimama. Alimshika Regina kiwiko, akampandisha, akampangia gauni lisiguse gurudumu. Akabaki nje, mkono juu ya paa, dereva akimwuliza wanakwenda wapi.

Kisha akaingia na yeye. Tuktuk ikageuka, ikaelekea mjini, si Kianjai.